Umeme wa Themi na glasi ya kutu

Jumamosi iliyopita, katika kikao chetu cha vikoba hapa Kijenge, Arusha, alikaribishwa kijana nadhifu anayeuza mashine za kuchuja maji. Alitueleza kwamba maji ya mto unaotiririka, kama Themi, yana umeme wake wa asili, kwamba mabomba huunyonya, na kwamba mashine yake huurudisha. Kisha akatumbukiza vijiti viwili vya chuma katika glasi ya maji ya bomba, akachomeka waya ukutani, na maji yakageuka rangi ya kutu huku glasi ya mashine yake ikibaki vilevile. Akina mama wakashika vinywa.

Nimefundisha kemia miaka mingi, hivyo nikaomba chumvi jikoni. Baada ya kukoroga punje chache tu katika glasi yake, yale maji “yenye uhai” yalichafuka kuliko yetu. Rangi ile ni chuma cha vijiti vyenyewe, ambacho humomonyoka umeme unapopata njia, na njia hiyo ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu na kalsiamu zenye chaji chanya, bikaboneti na floraidi zenye chaji hasi. Mtoni zimo tele, lakini chanya na hasi hulingana, kwa hiyo mto, uende kasi au utulie, hauna chaji ya ziada ya kumuuzia mtu. Nakubali, shingo upande, kwamba kwenye maporomoko kama ya Materuni matone yanayopasuka huipa hewa chaji hasi, jambo alilolieleza mwanafizikia Philipp Lenard mwaka 1892. Lakini sisi tulikuwa tunauziwa maji.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa, haikutajwa hata mara moja, tena chini ya Mlima Meru! Kwingineko kalsiamu hunasa floraidi ikatuama kama jiwe. Maji yetu ya miamba ya volkano yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba, kwa hiyo floraidi hubaki huru, na mahali pengi huzidi miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Haina rangi wala harufu, na kuyachemsha maji huzidisha ukali wake. Pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu huinasa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, bila waya wowote.

“Sasa mwalimu,” aliniuliza yule kijana akikunja nyaya zake, “mashine yangu inaitoa hiyo floraidi?” Alitabasamu kwa aibu, nami nikaona meno yake yana madoa ya kahawia kama yangu.