Jukwaa Likiletwa Sebuleni: Hamilton, Kimathi na Jicho la Kamera

Mjadala wa michezo ya jukwaani iliyorekodiwa ukizuka hapa Nairobi, wapenzi wa ukumbi huja na hoja moja: mchezo ukiutazama kwenye runinga, hujautazama. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila mara nyingi husemwa na mtu mwenye gari, anayekaa Kilimani, ambaye onyesho likiisha usiku hana haja ya kujiuliza kama atapata matatu ya Kayole, na kwa nauli gani.

Chukua Hamilton, tamthilia ya muziki ya Lin-Manuel Miranda. Inamhusu Alexander Hamilton, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis katika Karibi, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, aliyekufa mwaka 1804 baada ya kupigwa risasi na Aaron Burr, makamu wa rais, katika pambano la bastola. Ilifika Broadway, New York, mwaka 2015, na mwaka uliofuata tiketi zake za bei ya juu kabisa zikapandishwa hadi dola 849. Juni 2016 kamera ziliingizwa katika ukumbi wa Richard Rodgers zikawarekodi waigizaji wa mwanzo kabla hawajatawanyika. Filamu ilipangiwa majumba ya sinema Oktoba 2021, lakini korona ikafunga kila mahali, na Disney wakaitoa mapema, tarehe 3 Julai 2020, kwenye huduma yao ya intaneti. Wakati huo huduma hiyo ilikuwa haijafika Kenya. Waliotaka kuiona waliiona, na tusiulizane sana waliipataje.

Kwa hiyo, kwetu sisi, anayelinganisha filamu hii na kiti cha ukumbini New York anapima vitu ambavyo havijawahi kuwa kwenye mizani moja. Bila filamu, tungekuwa na nyimbo tu, na masimulizi ya wenye viza. Tena kuna jambo ambalo hata mwenye tiketi ya dola 849 hakulipata. Tamthilia hii ina zaidi ya maneno 20,000 yanayomiminwa kwa saa mbili na nusu hivi, mengi kwa mtindo wa kufokafoka. Nyumbani unawasha maandishi chini ya skrini, unasimamisha, unarudisha nyuma, unamuuliza mwenzako huyu Lafayette ni nani, kisha mnaendelea. Wanaosema kuwa mazungumzo ya sebuleni yanaharibu sanaa wangekaa siku moja katika kibanda cha video wasikie DJ Afro akisimulia filamu ya mapigano juu ya sauti za waigizaji wenyewe. Mji huu haujawahi kutazama kitu kimyakimya.

Hata hivyo, kamera haileti ukumbi nyumbani. Inaleta macho ya mtu mwingine. Jonathan Groff, anayemwigiza Mfalme George wa Tatu, anaimba akiwa karibu hatikisiki, na kamera inamsogelea mpaka unaona mate yakimchuruzika kidevuni. Aliyekaa safu ya nyuma hakuyaona mate yale. Yanachekesha, yanatisha kidogo, na yanakuambia kuhusu huyo mfalme jambo ambalo maneno ya wimbo hayalisemi. Hiyo ni faida ya wazi.

Sasa mtazame Ariana DeBose. Yumo katika kundi la wachezaji wa nyuma, hana jina kubwa katika hadithi, lakini ndiye risasi. Anapita karibu na watu ambao kifo kimeshawanusa, na katika pambano la mwisho anaipeleka risasi ya Burr polepole, hewani, hadi kwa Hamilton. Aliye ukumbini akishamgundua anaweza kumfuata yeye tu usiku mzima, hata pale ambapo wakubwa wanaimba upande wa pili wa jukwaa. Sebuleni unamwona pale tu mhariri wa filamu anapokuruhusu. Picha ikimng'ang'ania Miranda usoni, kifo kinapita pembeni na wewe huna habari. Katika tamthilia iliyopangwa kwa jukwaa linalozunguka, ambapo karibu kila mwili unasema kitu, hasara hiyo si ndogo.

Mpaka hapo ningesema mizani inaelekea upande wa filamu, na mjadala ungeishia hapo kama mchezo huu ungemhusu mtu wa kubuni. Lakini ni mtu wa historia, na historia iliyorekodiwa inaganda.

Filamu ilipotoka Julai 2020, Marekani ilikuwa barabarani kwa sababu ya kuuawa kwa George Floyd. Wakosoaji wakauliza tena swali lililokuwapo tangu mwanzo: mbona tamthilia inayowapa waigizaji Weusi na Walatino nafasi za waasisi wa Marekani inapita haraka hivyo juu ya utumwa, ilhali Washington na Jefferson walimiliki watumwa? Miranda mwenyewe alikiri hadharani kwamba ukosoaji huo ulikuwa halali. Na jukwaa likajibu. Kumbi zilipofunguliwa tena mwaka 2021, wimbo wa kumkaribisha Jefferson ulipangwa upya, na mchezaji anayemwakilisha Sally Hemings, mwanamke mtumwa aliyezaa na Jefferson, sasa anampa mgongo waziwazi. Ni hatua chache za miguu, na maana ya tukio zima inageuka. Filamu haiwezi kugeuka hivyo. Kila anayeifungua leo Umoja au Rongai anaona jibu la Juni 2016. Ukumbi unajisahihisha, rekodi inabaki ilivyo, na rekodi ndiyo inayotazamwa na wengi zaidi.

Umbali unaongeza tatizo. Mpwa wangu, aliye sekondari ya chini, alimtazama Christopher Jackson akiingia na koti la jenerali akauliza, bila utani, "Kumbe Washington alikuwa Mwafrika?" Mmarekani anaijua sura ya Washington kutoka kwenye noti ya dola moja, kwake Mweusi kuvaa koti lile ni hoja, karibu uchokozi. Mtoto wa Nairobi hana noti hiyo kichwani. Anapokea uchokozi kama taarifa. Nilimweleza, akaelewa, wimbo ukaendelea. Lakini ni wangapi wanatazama peke yao kwenye simu?

Bado, ukinilazimisha kuchagua, nachagua kurekodi, na sababu yangu iko hapa mjini. Oktoba 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, uliingia Kenya National Theatre. Walipewa siku chache tu, kwa kuwa tarehe zilishatengewa kikundi cha bale kutoka Ufaransa na, kwa kejeli ya mambo, tamthilia ya muziki ya Wazungu. Ngũgĩ ameandika jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji, wakatoka nje wakiimba na kucheza kuelekea Hoteli ya Norfolk, mahali ambapo mwaka 1922 watu waliodai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, aachiliwe walipigwa risasi. Hakuna kamera ambayo ingekufanya uisikie ardhi ile chini ya miguu yako. Wapenzi wa ukumbi wana haki kabisa hapo.

Lakini sisi tuliokuja baadaye tumebaki na nini? Maandishi, na tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ya 1978. Sauti ya mwigizaji aliyemcheza Kimathi, mdundo wa zile nyimbo, kicheko cha watu mahali ambapo mwandishi hakutarajia: hivyo tunavikisia. Hata rekodi mbovu, yenye kelele na picha ya mbali, ingetufaa. Leo kundi la Too Early for Birds linasimulia historia ya Kenya jukwaani, limempandisha hata Tom Mboya, na wikendi chache zikipita, aliyekosa amekosa.

Hofu kwamba sebule itaua kumbi zetu sioni ushahidi wake. Phoenix Players, kundi la maigizo la hapa Nairobi, walifunga milango mwaka 2017, wakiandamwa na madeni, miaka mitatu kabla ya Hamilton kuingia runingani. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni malipo. Waigizaji wengi wa Nairobi wameishi kwa kuzunguka shuleni wakiigiza vitabu vya fasihi vya mitihani. Onyesho likishakuwa faili, linasambazwa bure na mwigizaji hapati kitu. Waigizaji wa mwanzo wa Hamilton walilazimika kudai, na mwaka 2016 wakakubaliwa sehemu ya faida. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwigizaji haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, ila haki hiyo haina kazi kama imeachwa nje ya mkataba.

Ningekuwa na sauti kwa wanaorekodi hapa, ningeomba kamera moja isimame nyuma kabisa, isisogee, na mtazamaji apewe picha yake nzima kando ya ile iliyohaririwa. Tarehe ya onyesho iandikwe mwanzoni, kubwa, ili mtoto ajue anatazama jibu la mwaka gani. Na mkataba wa malipo ya waigizaji utiwe saini kabla ya kamera kuwashwa.