"Itakauka Tu," Akaniambia

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Zulia aliloniachia shangazi, jekundu lenye maua meupe, lililofungwa fundo moja baada ya jingine kwa vidole vya mtu nisiyemjua, sasa lina maua ya rangi ya waridi. Kazi ya alasiri moja. Kijana alikuja na mashine yake ya mvuke, akamwaga povu, akasugua kwa mbwembwe. Nilipomwonyesha wekundu unavyotambaa kuelekea kwenye weupe, akasema, "Itakauka tu."

Kweli, ilikauka.

Lawama nyingine ni yangu. Nilinaswa na yale maneno matamu: tunasafisha hapohapo sebuleni, saa moja tu. Saa moja! Katika saa moja fundi anayeijua kazi hajagusa hata maji. Kwanza analilaza zulia kifudifudi na kulipiga au kulitikisa kwa mgongoni hadi mchanga ukome kudondoka, na kama ni kuukuu, anafanya hivyo taratibu lisije likachanika. Mchanga ndio wenyewe. Ule uchafu unaouona juu ni mapambo. Wenye madhara umezama chini, pale fundo linaposhika mtande, zile nyuzi za urefu zinazolibeba zulia, na kila ukikanyaga, chembe zake zenye makali zinaikata sufu kwenye shina. Ndiyo maana zulia la mlangoni huota upara. Sasa wewe umwagie maji mchanga huo. Umepata nini? Tope! Mashine inanyonya la juu, la chini linaganda palepale, na unalipia ukishukuru kwa sababu panatoa harufu ya maua.

Vumbi likiisha ndipo rangi zinajaribiwa, moja moja, kwa kitambaa cheupe kilicholowa: unakandamiza, unasubiri, unatazama. Kikitoka na wekundu, unasimama na kufikiri upya. Jaribio hilo halichukui hata muda wa kunywa chai. Kijana wangu hakulifanya. Akaja na joto, na joto ndilo linaloifungua rangi isiyoshika vizuri, tena likichanganyika na kusugua, sufu inasokotana kama nywele zisizochanwa.

Halafu kuna huko kukauka kwenyewe. Sufu hunywa unyevu mwingi kabla mkono wako haujauhisi, kwa hiyo unapapasa juu unasema tayari, kumbe mtande wa pamba ndani bado umelowa. Ukungu unaingia, pamba inaoza kimyakimya, na siku unayolikunja unasikia likikatika kama kijiti kikavu. Zulia lililooshwa linataka hewa juu na chini, na siku zake. Inakera, najua. Sebule inabaki tupu, mtu anakuuliza umelipeleka wapi.

Nikubali kwa shingo upande: mashine ile ina mahali pake. Zulia la nailoni la kiwandani, isugue upendavyo.

Wanaoshauri magadi na klorini sina la kuwaambia, ila sufu ni protini kama nywele zao. Waanze na kichwa. Matamvua nayo si urembo ulioshonewa, ni ncha za mtande wenyewe, kwa hiyo ile brashi inayozunguka ya mashine ya kufyonza vumbi ikae mbali nayo.

Shangazi hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na amri: kila baada ya miezi kadhaa kabati lisogezwe, zulia ligeuzwe upande wa dirishani uende ukutani. Tulimwona mkorofi. Kumbe jua linachujua upande mmoja, na chini ya kabati, gizani, pasipokanyagwa, ndipo viwavi wa nondo wanapokula sufu kwa raha zao. Kikimwagika kitu alikuwa anakandamiza kwa kitambaa kikavu, na ole wako usugue.

Kuna zulia liitwalo Pazyryk, lilichimbuliwa mwaka 1949 kwenye kaburi milimani Altai, huko Siberia, baada ya miaka zaidi ya 2,000 ndani ya barafu. Liko jumba la makumbusho la Hermitage, mjini St. Petersburg, Urusi, na wekundu wake ungali unaonekana, tena mahali pake. Hilo ni barafu na karne ishirini na kitu. Langu lilikutana na kijana na saa moja.

Jana kanitumia ujumbe. Anauliza masofa aje kuyasafisha lini.