Mwaka wa Kirusi usomwe wapi: Mwanza au Urusi?

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Mwanza hujaa matangazo ya kusoma Urusi. Ada nafuu, mwaka mmoja wa lugha, kisha udaktari au uhandisi. Wazazi wengi hukagua ada na fani, lakini huo mwaka wa lugha hawauulizi: usomwe wapi, na nani atafundisha? Wapo wanaosema mtoto aanzie nyumbani. Wengine wanataka aende moja kwa moja, kwani lugha hujifunzwa kwa wenyewe. Kila upande una ukweli wake.

Wanaotaka aende wana hoja nzito. Vyuo vikuu vingi vya Urusi vina kitivo cha maandalizi, ambacho wanafunzi wenyewe hukiita podfak. Mgeni hupiga Kirusi karibu kila siku hadi Juni, na katikati ya safari huongezewa hesabu, kemia au biolojia kwa Kirusi hicho hicho, kulingana na fani aliyoomba. Ili aingie shahada ya kwanza inayofundishwa kwa Kirusi anatarajiwa kufikia kiwango cha kwanza cha TRKI, mtihani wa Kirusi kwa wageni, yaani B1 kwa vipimo vya Ulaya, chenye msamiati wa maneno kama 2,300. Kozi ya jioni ya hapa mjini haiwezi kumfikisha huko kwa muda huo. RUDN, Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilianzishwa 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kikapewa jina la Patrice Lumumba, kiongozi wa uhuru wa Kongo, 1961, likaondolewa 1992, likarudishwa 2023. Kumpokea mtu asiyejua hata herufi moja ndiyo kazi yao ya miaka yote. Anayetaka lugha yenyewe, awe mwalimu au mkalimani, aitazame kwanza Taasisi ya Pushkin, iliyo Moscow pia, ambayo tangu 1966 kazi yake kubwa ni kuwafundisha wageni Kirusi.

Tatizo la hoja hiyo ni kalenda. Mialiko na viza huchelewa, na si ajabu mwanafunzi kutua Novemba au hata Desemba, wenzake wakiwa wameshaingia ndani kwenye sarufi. Mtihani haumsubiri. Mwezi wake wa kwanza unaishia kwenye alfabeti, na jioni bwenini anaongea Kiswahili na Watanzania wenzake. Kuishi kwa wenyewe kunamsaidia aliyekwenda na cha kuanzia.

Kwa hiyo mimi niko na wanaosema aanzie hapa, ila si kwa mwalimu yeyote. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la kituo kimoja cha mjini. Kozi ilikuwa mwezi wa pili, na mwalimu bado anaandika ubaoni "spasibo" na "zdravstvuyte" kwa herufi zetu, wanafunzi wananakili. Kirusi kina herufi 33, na shida yake kubwa ni mwandiko wa mkono: т ya kitabuni ikiandikwa kwa kalamu inafanana na m yetu, д inafanana na g. Mtoto aliyefundishwa kwa herufi za kuazima atakaa mbele ya ubao wa Urusi asisome hata mstari. Niliumia kuona ada ya wazazi inavyokwenda. Kabla hujalipa, omba kuona daftari la mwanafunzi wa wiki ya tatu. Hilo daftari litakueleza kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.

Dar es Salaam kuna Kituo cha Utamaduni cha Urusi, ila kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, na chumba cha kupanga Dar kinaweza kuzidi ada ya kozi. Taasisi ya Pushkin ina masomo ya mtandaoni ya bure. Ukiwa na bando na mwalimu mzuri wa kukusahihisha mara mbili kwa wiki, msingi unapatikana ukiwa hapa hapa Mwanza, hata Nyegezi. Msemaji wa Kiswahili ana faida moja pia: aliyekua na ngeli hashangai kivumishi cha Kirusi kinapobadilika kufuata nomino yake.

Usalama nao unaingia kwenye uchaguzi wa chuo, tusiupitie juu juu. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, kisha akapelekwa vitani Ukraine. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti kuwa mabinti wa Kiafrika walioitwa kazi na masomo Alabuga, eneo la viwanda huko Tatarstan nchini Urusi, walijikuta wakiunda droni za kivita. Tangazo linalochanganya ajira na masomo kwa binti wa miaka 18, liache. Miji ya Urusi ya Belgorod na Kursk iko jirani na mpaka wa Ukraine. Mimi nisingempeleka mtoto huko kwa sasa, hata ada ikiwa ndogo.

Halafu pesa. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zinazotolewa nje hazifanyi kazi Urusi, kwa hiyo mzazi aulize mapema atamtumiaje mtoto fedha. Ufadhili wa serikali ya Urusi hulipa ada, pamoja na mwaka wa lugha, na posho ndogo. Tiketi na bima ni juu ya familia.

Soko la Kirusi pekee hapa ziwani ni dogo. Zamani ndege za mizigo za Kirusi, Ilyushin, zilitua Mwanza kubeba minofu ya sangara. Leo Warusi wengi utawakuta fukwe za Zanzibar. Lugha hii inalipa ikiambatana na fani, na fani ina maana ikiwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itaitambua shahada, jambo la kuulizia kabla ya kuondoka.

Tuseme binti ana PCB (fizikia, kemia na biolojia) nzuri na mama yake anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Matokeo ya Julai kwa kawaida yanakuta nafasi za ufadhili za Septemba hiyo zimeshagawiwa. Maombi ya mwaka unaofuata hufunguliwa baadaye. Basi mwaka huo wa kungoja ndio wa kusomea Kirusi hapa hapa, na maombi ayapitishe kituo cha Dar badala ya kumlipa wakala. Akipata udahili Bugando, chuo cha udaktari cha hapa Mwanza, kabla ya majibu ya Urusi, ningemwambia mama akubali Bugando.