Geuza Rimu Kwanza, Hadithi Utanipa Baadaye

Kuna mchezo umezoeleka hapa Nairobi na unanikera kweli. Mtu ana Datsun 240Z, ile gari ya michezo ya Nissan ya mwanzo wa miaka ya 70, ama hata gari hana, ana rimu nne tu za aloi, yaani za metali nyepesi badala ya chuma, zimelala stoo, basi atakuapia kwamba hizo ni orijino zimetoka nayo kiwandani, na bei inaruka hapo hapo. Sasa tuelewane wadau, 240Z ya kawaida iliyoletwa huku ilitoka na rimu za chuma. Chuma, inchi 14 kwa upana wa 4.5, na kifuniko juu. Nyembamba, hazina urembo wowote, ndio maana wengi walizing'oa mapema wakaziuza kwa mzani kwa watu wa skrepa.

Aloi za kiwandani zilikuwepo lakini zilienda kwa ndugu yake, ile Z432 yenye injini ya S20 kama ya Skyline GT-R ya wakati huo. Hiyo ndiyo ilifungwa rimu za magnesiamu za kampuni ya Kobe Seiko, inchi 14 kwa 5.5, na gari zenyewe zilitengenezwa takriban 420 tu, za soko la Japani. Kwa hiyo ukiniambia seti ya hizo imezeekea chini ya meza ya fundi Eastleigh sitakubishia, mambo hutokea, ila nionyeshe mgongo wake, yaani upande wa nyuma.

Na najua hadithi zinatoka wapi. Hii gari huku kwetu si gari tu. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally na 240Z, Shekhar Mehta akawa wa pili na nyingine kama hiyo, halafu 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews wakashinda kwa tundu la sindano, yaani walifungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwa Datsun nyingine, lakini ushindi wakapewa wao. Wazee walioziona zikipita na matope hadi kwa paa wanasimulia mpaka leo, na sielewi mtu wa Nairobi anawezaje kusikiliza hayo na asitake kipande cha hiyo gari. Wauzaji wanajua hilo vizuri sana.

Juzi niko Grogan, Kirinyaga Road kwa wale wa majina mapya, jamaa ananionyesha rimu moja imepuliziwa silva hadi inang'aa kama sufuria ya harusi. "Boss, hii ilikuwa kwa ile gari ya Safari ya 71, mzee wangu alikuwa fundi huko." Nikamwambia sawa kaka, igeuze. Nyuma ilikuwa na grisi ya miaka, vumbi la breki limeshikana kama lami, tukaomba mafuta ya taa na brashi kwa jirani, tukasugua kati ya spoku mbili, polepole maandishi yakaanza kutoka. Kwanza ukubwa, halafu herufi tatu, JWL. Hiyo ni alama ya viwango vya Japani vya rimu za aloi na ilianza miaka ya baadaye, rimu ya 1971 itaitoa wapi? Na ile gari iliyoshinda 1971 yenyewe iko Japani, Nissan wanaitunza kwa ghala lao la kumbukumbu kule Zama, waliifufua 2013. Jamaa akacheka tu, akapunguza bei nusu. Sikununua.

Mgongo wa rimu ndio logbook yake, huko mbele ni rangi tu. Nyuma utapata jina la kiwanda kilichoitengeneza, ukubwa, mara nyingine mwezi na mwaka. Matundu nayo yanaongea, 240Z ni nati nne kwa duara la milimita 114.3, ukiona yametobolewa upya pembeni ya ya zamani jua hiyo ilizaliwa kwa gari lingine. Na ukiambiwa ni magnesiamu, kwanza iinue, magnesiamu ni nyepesi kuliko aluminiamu kwa karibu theluthi moja. Halafu kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, dondoshea siki. Magnesiamu inachemka vipovu, aluminiamu inakutazama tu. Iliyokaa Mombasa ikague mara mbili kwa sababu hewa ya chumvi inaila magnesiamu, na tafadhali usimpelekee fundi wa kuchomelea asiyeijua, hiyo kitu ikishika moto ukamwaga maji ndio umeuchochea.

Sasa kuna wenzangu wamepinda upande wa pili, eti kama si ya kiwandani ni takataka. Hapana bana. Kama mwenye gari wa kwanza alifunga rimu za kampuni nyingine, kama Watanabe za spoku nane, zile za Yokohama kule Japani, ama Minilite za Uingereza, mwaka wa 1974 hapa hapa Nairobi, na kuna risiti ama picha ya familia imesimama kando ya gari, kwangu hizo zina thamani kuliko seti safi iliyoagizwa mwezi uliopita. Ndivyo hilo gari lilivyoishi. Nisichotaka ni upachikiwe historia ya mtu mwingine ndio ulipe zaidi.

Kinachoniuma zaidi ni mafundi wetu kupiga rimu mchanga pande zote mbili. Mteja anataka kung'aa, fundi anasugua mpaka tarehe na nembo zinafutika, anajaza na bodi fila, ile dawa ya kuziba mashimo, anapuliza rangi, kwisha. Hapo hata mtaalamu wa Japani hawezi kukusaidia tena. Mwambie aguse mbele tu, nyuma aoshe kwa sabuni, na kabla hujaiacha hapo karakana piga picha ya kila herufi.

Na zile za chuma zenye kifuniko, zile mnazoziita mbaya, kama kuna mtu anazo nne zimepangiwa maua huko Ngara au Parklands, mimi nanunua, hata zikiwa na kutu.