Mlango wa kioo, udi na baridi ya Minnesota

Nyumba ya mama kule Ngamiani, Tanga, ni ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kaskazi ikivuma, unafunguliwa mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita ukumbini moja kwa moja. Fundi aliacha matundu juu ya madirisha makusudi, joto lipate pa kutokea.

Mimi niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka wa tisa sasa, na kila Novemba nakwenda dukani kununua vitu vya kuzibia matundu.

Tatizo langu ni mlango wa kioo wa kusukuma kando kwenye reli, ule wa sebuleni kwenda roshani. Julai raha tupu. Januari, kipimajoto kikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, mlango umefungwa lakini pazia linacheza. Miaka miwili ya mwanzo dawa yangu ilikuwa kuongeza hita, na bili ikapanda nayo. Mwenye nyumba kila nikimwambia anasema atamtuma mtu. Mtu mwenyewe sijamwona hadi leo.

Aliyenifumbua macho ni udi. Jioni moja nimekaanga samaki, nikawasha kijiti kuondoa harufu, nikapita nacho karibu na mlango. Moshi ukalala ghafla kuelekea ndani. Basi nikaanza kukipitisha taratibu pembe zote (king'ora cha moshi kikalia, jirani akagonga, hayo tuyaache). Kumbe upepo unaingia chini relini, katikati panapopishana vioo, na ubavuni penye komeo.

Mlango ulikuwa umelalia upande mmoja. Pembeni chini kuna vitundu vyenye skrubu. Ukizungusha bisibisi, magurudumu yanaunyanyua. Mizunguko mitatu tu ukasimama wima, ukabana fremu juu mpaka chini. Sikutumia hata senti. Halafu zile brashi za manyoya za pembeni zilikuwa zimelala kama mswaki wa kale. Nikachomoa moja, nikaenda nayo dukani wanipe unene uleule, maana zikizidi mlango hausogei, zikipungua umefanya kazi bure. Mwisho nikabandika nailoni kwa ndani, nikaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ikakaza kama ngoma. Hapo lakini uwe na mlango mwingine wa kutokea, moto haupigi hodi. Na vile vitundu vya reli upande wa nje usiviguse: ni vya kutolea maji. Rafiki yangu aliviziba kwa silikoni, theluji ilipoyeyuka maji yakajaa relini, usiku yakaganda, mlango ukagoma kufunguka.

Sasa nikirudi Dar naona kila nyumba mpya ni aluminiamu na vioo vya kusukuma. Dirisha la kusukuma, hata ukilifungua lote, nusu yake imezibwa na kioo chake chenyewe. Huku naumiza kichwa kuzuia upepo, kule watu wanalipia kuuzuia, halafu wanalalamika luku, umeme wa kulipia kabla, inaisha haraka kwa sababu ya AC!

Mdogo wangu anajenga Kigamboni. Nikamwambia aache matundu juu ya madirisha, sebule aielekeze unakotoka upepo. Akanijibu, "Kaka, matundu ni mambo ya bibi." Kisha akanitumia picha ya mlango aliokwisha kuuagiza: vioo vinne, wa kusukuma, pacha wa huu wangu.