Mtambo mdogo ukiwa mkubwa mno kwa laini yake

Ombi la kuunganisha mtambo mdogo wa maji kwenye laini ya kilovolti 33 likirudishwa na agizo la kupunguza megawati, lawama humwangukia mhandisi wa gridi. Umeme hautoshi, mto upo, fedha zipo, naye anakata! Lawama hiyo ina haki yake kiasi, ila hesabu ya mhandisi huyo watu wachache huisoma hadi mwisho.

Chukua laini moja ambayo mzigo wake, yaani umeme wanaotumia wateja, umetawanyika sawasawa kutoka kituo cha kupozea umeme hadi nguzo ya mwisho. Upotevu kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo. Weka mtambo wenye theluthi mbili za mzigo wote, kwenye theluthi mbili za urefu wa laini: upotevu unashuka kwa 89%. Hapo ndipo penyewe. Uhamishie mtambo huohuo nguzo ya mwisho, nafuu inabaki 67%, si haba. Sasa uukuze ulingane na mzigo wote wa laini, ukiwa palepale mwishoni. Nafuu ni sifuri. Waya unapoteza kilekile ulichokuwa ukipoteza kabla ya mtambo kujengwa, tofauti ni kwamba mkondo mkubwa umehamia upande wa pili. Ufikishe mzigo wote na theluthi yake juu, upotevu unakuwa mara 2.3 ya ule wa mwanzo.

Na hiyo ni saa mbili usiku, taa na televisheni zote zikiwaka. Mzigo ukishuka hadi 40% saa tisa usiku, hata ule mtambo uliokaa mahali bora unaongeza upotevu zaidi ya mara mbili, kwa sababu mto haulali. Ndiyo maana nina shaka na tafiti zinazotafuta nodi bora, yaani kiungo cha laini panapofaa mtambo, kwa mzigo wa kilele peke yake. Mtandao wa majaribio wa nodi 33, unaopendwa mno na watafiti, hupimwa kwa megawati 3.715 zisizobadilika, jibu huwa nodi ya 6, megawati 2.6 hivi, upotevu karibu nusu. Jibu ni sahihi, kwa saa hiyo moja.

Kisha kuna msongo, yaani volti. Megawati 4 zikisukumwa kilomita 40 kwenye waya wa alumini wa milimita za mraba 50, wenye omu 0.54 kwa kilomita, huku laini ikiwa karibu tupu, hupandisha msongo kwa takriban 8%. Transfoma ya kijiji tepu yake, kirekebishi cha volti, imewekwa juu ili jioni volti zisizame. Usiku wa manane tepu hiyohiyo inaunguza balbu. Au relei ya volti ya juu, swichi ya ulinzi, inazima mtambo, na maji yanapita bure. Mwekezaji aliyepigania megawati 4 anaweza kuishia kuuza pungufu ya aliyekubali 2.5.

Upande wa pili una hoja moja nzito: mto hauhamishwi hadi theluthi mbili ya laini. Mtambo wa maji wa Mwenga, kule Mufindi, Tanzania, umejengwa penye maji. Una megawati 4, unauzia TANESCO, shirika la umeme la nchi, na kuhudumia vijiji jirani. Vijiji vya mwisho wa laini, ambako jioni volti huzama, hufaidika kuliko mtu yeyote mtambo ukiwa karibu nao. Tena waya hubadilika: weka wa milimita za mraba 100 na ule upandaji wa 8% unakuwa 4%. Kinachobishaniwa ni nani alipe, na hapo gridi mara nyingi humsukumia mwekezaji gharama yote hata kama waya huo utawafaa wateja wengine.

Hata hivyo, kabla ya kununua waya, ningedai rekodi ya mzigo wa laini kwa saa zote 8,760 za mwaka, na mkataba wenye vikomo viwili vya megawati, cha jioni na cha usiku. Bwawa dogo juu ya banio, yaani ukuta unaozuia mto, la kutunza maji ya muda wa saa nne au tano, linatosha kusogeza uzalishaji wa usiku wa manane hadi saa moja jioni, ambapo laini inauhitaji.