Viatu Vilivyocheka Mlimani Elgon

Harufu ndiyo iliyonionya kwanza, nami nikaifulia sabuni.

Ilikuwa Jumapili jioni hapa Kisumu, hema limetandazwa kwenye kamba ya nguo. Jirani akachungulia juu ya ua akauliza ni mtoto wa nani ametapika. Nikamwambia hakuna mtoto, ni hema. Hema la watu wawili, rangi ya chungwa, shilingi 1,800 soko la Kibuye. Nilikuwa nimeliloweka kwenye beseni kwa sabuni ya unga, nikalisugua, nikalianika, likanuka. Nikalirudisha ndani, nikakamulia ndimu sita. Likanuka matapishi yenye ndimu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa Kibuye tangu saa kumi na mbili. Mtu wa mitumba anajua: belo likifunguliwa, kamera, yaani zile za daraja la kwanza, huondoka kwa nusu saa, na wanaosubiri ibada iishe hukuta fagia, mabaki. Nilikuwa na orodha mfukoni. Shemeji yangu wa Endebess, kaka wa mke wangu, alikuwa amenialika mara tatu tukapande Koitobos, kilele cha Mlima Elgon upande wa Kenya, mita 4,222. Mimi ni mtu wa ziwani, nalala mita 1,100 na kitu juu ya bahari, feni ikinizungukia. Lakini nilikuwa nimesoma. Nilisoma habari za mabegi, mahema na viatu wiki sita mfululizo, na mwanafunzi wa wiki sita hana anayeweza kumwambia kitu.

Koti nililipata upesi. Ukitaka koti la baridi kali, tafuta lililotoka kwa watu wa skii. Mitumba imejaa hayo, na ndiyo waendesha boda wa Kitale wanayovaa alfajiri. Utalijua kwa ndani: kiunoni lina sketi fupi ya lastiki ya kuzuia theluji isipande mgongoni mtu akianguka, na kwenye mkono lina mfuko mdogo wa kadi ya kupandia lifti za mlimani. Mengine yameshonewa kipande kidogo kinachorudisha mawimbi ya redio ya waokoaji, ili aliyefukiwa na poromoko la theluji apatikane. Kwa hiyo huenda yuko bwana wa boda pale Kitale ambaye, siku theluji ikiporomokea barabara ya Kapenguria, atakuwa wa kwanza kuokolewa.

Mama muuzaji alikuwa pia na viatu vyenyewe vya skii, plastiki ngumu, vishikizo vinne vya chuma kila kimoja. Nikavijaribu. Hatua nne, nikitembea kama mtu aliyefungwa plasta miguu yote miwili. Kiatu hicho hukaza kifundo na kukuinamisha mbele makusudi, kwa kuwa mtelezaji huongoza ubao kwa kuusukuma kwa muundi. Viko vya watu wanaopanda milima kwanza ndipo wateleze, hivyo huwa na kikwamuzi kisiginoni cha kulegeza kifundo wakati wa kutembea. Hivi havikuwa nacho. Nikamweleza mama haya yote. Akanitazama kwa huruma, akaingiza mkono chini ya meza, akatoa viatu vya kupandia mlima.

Ngozi ya kahawia. Ndoano za shaba zinang'aa. Chini, meno ya soli yote yapo, makali, na katikati ya soli stika ya bei ya huko vilikotoka bado imebandika.

"Hizi ni kamera, omera," akasema. "Hazijavaliwa hata siku moja."

Alisema kweli tupu, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa.

Nilivikagua kama daktari wa mifugo. Nikavaa soksi nene, nikaingiza mguu bila kufunga kamba, nikausukuma mbele hadi vidole viguse ncha, kisha nikapima kwa kidole nyuma ya kisigino: kikipita kimoja, saizi ni sawa, maana wakati wa kushuka mguu huteleza mbele na kiatu kinachobana hung'oa kucha. Kikapita kimoja. Nikavuta kamba, nikanusa ndani, nikahesabu mishono. Shilingi 2,500, bila kuteta sana.

Begi nalo nilipima hapohapo, nimesimama kati ya sidiria na mapazia. Begi kubwa halichaguliwi kwa urefu wa mtu, huchaguliwa kwa urefu wa mgongo: unainamisha kichwa, unatafuta mfupa unaojitokeza shingoni, unapima kutoka hapo hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Mimi nilipata sentimita 48. Mkanda wa kiunoni lazima ukalie mifupa hiyo, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mikanda ya mabega kazi yake ni kukuzuia usichukuliwe nyuma. Mama alinishikia futi yake ya fundi, wateja wawili wakasimama kuangalia. Begi lilinitosha barabara. Nilipofika nyumbani nikakuta nguo nilizoweka ndani zimejaa vipande vyeupe, kama mba. Nikalikung'uta. Zikaongezeka.

Hema linatapika, begi lina mba. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilijiuliza kuhusu mfuko wa kulalia, ambao lebo yake ilisema nyuzi 15 chini ya sifuri, nikaona Elgon sasa itaniomba radhi.

Tuseme la mfuko hapa limalizike. Lebo zile huwa na namba tatu. Wangu ulikuwa 5, 0, na -15. Ya kwanza ni ya kulala usingizi wa raha. Ya pili ni ya kulala umejikunja, usigeuke. Ya tatu, ile kubwa niliyoinunulia, ni ya kutokufa usiku mmoja, na hata hapo haikuahidi vidole vyako vitabaki salama. Usiku Elgon, pale barabara ya gari inapoishia mita 3,500 na kitu, maji kwenye sufuria huweza kuamka na ngozi ya barafu. Isitoshe nilitandika mkeka. Mfuko hupata joto kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na ubavu unaolaliwa hewa hiyo hutoka yote, kwa hiyo baridi ya ardhi huingia moja kwa moja. Kinachohitajika chini ni povu la unene wa sentimita moja hivi au zaidi. Shemeji alikuwa ametandika magunia manne na blanketi iliyokunjwa mara mbili. Alikoroma. Mimi niliota nimelala kwenye friji ya samaki.

Nimemtaja shemeji. Alikuja amevaa gambuti za kijani, zile za kukamulia ng'ombe, na sweta ya shule aliyoacha zamani. Mzigo wake ulikuwa kwenye gunia lenye mikanda ya kamba: viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani, chupa mbili za chai. Mimi nilibeba maharagwe mabichi nusu kilo. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na maharagwe hayajali kwamba unaona mapovu, yanataka joto. Saa tatu nzima yaligonga sufuria kama kokoto. Asubuhi kopo langu la gesi nalo likagoma, kwa kuwa butane, gesi iliyomo, ikikaribia nyuzi sifuri haigeuki mvuke. Huwa unalala na kopo ndani ya mfuko au unanunua lenye mchanganyiko wa propane. Shemeji alilikalia kama kuku anayeatamia, dakika kumi, likawaka. Tukapasha chai yake.

"Shemeji," akaniambia, akiangalia viatu vyangu, "kweli wewe umejiandaa."

Alimaanisha. Nikaona aibu kwa ajili ya gambuti zake, nikamwambia kwa upole kwamba zinatoa jasho, hazikamati kifundo, na zitamtesa kwenye mawe. Yote hayo ni kweli. Nilimweleza njia nzima, na afande wa KWS, shirika la wanyamapori, aliyetusindikiza na bunduki yake akasikiliza bila kusema neno.

Saa ya kwanza ilikuwa raha. Nyasi za mafungu, lobelia ndefu zimesimama kwenye ukungu kama watu wanaosubiri matatu. Kichwa kilinigonga kidogo, na sababu naijua: kulala usiku mmoja tu Kitale kisha kurukia mita 3,500 ni haraka mno kwa mtu wa ziwani. Kisha tukaingia sehemu ya tope.

Mguu wa kulia ukazama hadi kwenye kamba. Nikauvuta. Ukatoka mwepesi kuliko ulivyoingia.

Nikatazama chini. Ngozi iko, ndoano za shaba ziko, kamba imefungwa vizuri. Soli haipo. Ilikuwa imebaki topeni, meno yote yakiwa chini, mpya, imetulia kama sahani. Chini ya mguu wangu palikuwa na unga wa kijivu uliokuwa ukimong'onyoka kama mkate wa ngano uliokauka.

"Kimecheka," afande akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Kati ya soli ya mpira inayokanyaga ardhi na ngozi ya juu, viatu vingi vya mlima vina soli ya katikati ya povu la poliurethani. Ni kitu kizuri, hubeba uzito miaka mingi bila kulala. Adui yake ni unyevu wa hewa, ambao humega minyororo yake kidogo kidogo. Wanakemia huita hidrolisisi. Kiatu kinachotembezwa hukaa vizuri zaidi. Kinachowekwa kwenye boksi stoo miaka kumi, hakijavaliwa hata siku moja, huoza kutoka ndani huku ngozi iking'aa. Na utando wa kuzuia maji ndani ya hema ni poliurethani ileile. Ikifa hunata na kunuka matapishi, sabuni haiwezi kitu kwa sababu hakuna uchafu. Ule wa ndani ya begi ukifa, humenyeka ukawa mba. Ugonjwa mmoja, wagonjwa watatu, na mimi nilikuwa nimewapeleka wote mlimani nikiwakamulia ndimu.

Kipimo chake kingenichukua sekunde mbili Kibuye. Unabonyeza ukucha wa gumba kwenye ubavu wa soli ya katikati: povu zima hubonyea na kurudi, lililokufa huacha alama, hupasuka kimstari, au hunata. Halafu unakunja kiatu kwa nguvu na kuangalia kama pameingia nyufa pale kinapojikunja. Basi. Mimi nilihesabu mishono.

Nikatoa gundi ya haraka. Haikushika, kwa kuwa hushika uso mgumu, na unga si uso. Nikazungusha utepe wa gundi mara saba; kwenye ngozi iliyolowa ukashika hatua ishirini. Nikiwa nimeinama kwenye mguu wa kulia, wa kushoto nao ukaachia kisigino. Nilishangaa, sijui kwa nini. Ni mapacha, walizaliwa kiwandani siku moja.

Shemeji akatua gunia lake. Akafungua ule mpira mweusi uliolifunga mdomo, blada ya baiskeli iliyokatwa, ambayo kwa kawaida hushika mtungi wa maziwa kwenye pikipiki. Akaukata vipande vinne vya mita moja moja. Hakuuliza kitu. Akasafisha unga wote kwa kisu hadi pakabaki pakavu, akarudisha soli mahali pake, akafunga kipande cha kwanza mbele, nyuma kidogo ya vidole, akikivuta hadi kikawa chembamba. Cha pili akakipitisha kwenye uvungu wa mguu mbele ya kisigino, akakipandisha, akakikutanisha juu ya kifundo kwa umbo la nane, akakifunga kwa nyuma. Uvungu ndio siri: mpira ukipita pale haukanyagwi na mawe, na haurudi nyuma. Ukishanyooshwa, blada hujikaza yenyewe kila unapokunja mguu, jambo ambalo kamba na utepe haviwezi.

"Jaribu, shemeji."

Nikajaribu. Vilishika. Afande akaangalia mawingu, akaangalia miguu yangu, akasema Koitobos itakuwepo kesho pia. Tukageuka.

Nilishuka mlima mzima kiatu kikipiga kofi kila hatua, maana bila soli ya katikati kisigino kimeshuka na mtu anatembea kama bata. Tulipumzika mara mbili kukaza. Tulipofika Chorlim, lango la hifadhi, soli zote mbili zilikuwa bado ziko, nusu ya unga imo kwenye soksi.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa ukweni. Kwetu na kwao, mkwe hajipeleki mbele ya mama mkwe ovyo, na mimi nilikuwa nimekusudia kupita uani kwa koti langu la skii, nimesimama wima. Badala yake nilijificha nyuma ya banda la ng'ombe, nikamwomba shemeji aniletee ndala. Akaingia ndani. Nikasikia sauti ya kike ikiuliza jambo, kimya, kisha kicheko kirefu ambacho mtu mwenye heshima zake aliziba kwa leso, kikatoka tena upande wa pili.

Shemeji akarudi bila ndala. Amebeba gambuti nyeusi.

"Mama amesema, mwambie mkwe wetu avae hizi aingie ale, chakula kinapoa. Atazirudisha Desemba nyingine, mkienda kumalizia."

Nikazipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuvaa nikazigeuza, nikabonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa gumba.

"Bonyeza tu, shemeji," akasema. "Hizo zimekanyaga mavi ya ng'ombe tangu 2009."